Nilimtania Aliyesema Amechoka Kuishi

Kosa ni langu, wasomaji, msinitafutie udhuru. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, naandika polepole, na mbele za watu nina haya kama mwari. Lakini kwa kumponza ndugu yangu, loo! Nilikuwa hodari ajabu.

Mtoto wa mjomba wangu, hapa Pongwe, alikatwa vidole vinne vya mkono wa kulia na mashine ya mkonge. Tangu siku ile hakutaka kutoka. Kila mara alisema, "Mimi mzigo tu. Heri nife." Mjomba akamweleza dresa, yaani mganga msaidizi wa zahanati, mtu mzima mpole, naye akaniita mimi.

"Shikamoo, Bwana Dresa."

"Marahaba. Wewe ndiye mtani wake?"

"Ndimi." Kwetu mtoto wa shangazi na wa mjomba ni watani, huambiana lisiloambika.

"Basi wewe atakujibu. Akisema ni mzigo, usimbishie, usimhubirie. Kaeni wawili tu, umuulize: jambo gani limekuonyesha hivyo? Kisha: na lipi linaonyesha sivyo? Ngoja ajibu mwenyewe. Mawazo yake yanamdanganya, naye hajawahi kuyadai ushahidi. Na akitaja kufa, usimwache peke yake. Niite."

Maswali mawili tu! Lakini mimi nikaona aibu kumuuliza mwanamume mwenzangu mambo ya moyoni. Nikaona ninayo dawa bora kuliko ya zahanati: utani. Maskini dresa, miaka yote ile amesoma bure, angekuja kwangu nimfundishe!

Ijumaa nikamvuta msikitini, tukarudi tukakaa barazani, watu wamejaa. Akaninong'oneza, "Nimechoka, mtani. Mimi mzigo."

Nami, daktari mkubwa, nikapaza sauti: "Mzigo kweli! Hata tonge huwezi kulifinyanga. Basi kufa upesi, tule ubwabwa wa hitima!"

Baraza zima likaangua kicheko. Naye akacheka. Nikajipongeza: amepona!

Kesho yake asubuhi alijaribu kujiua. Kwa namna gani, sitaandika. Mama yake alimwahi, alhamdulillahi, yu hai.

Dresa akaja, akaketi kando ya kitanda. Mimi nilisimama mlangoni nikisikia akiuliza yale yale yaliyonishinda.

"Jambo gani limekuonyesha kwamba wewe ni mzigo?"

"Mtani wangu alisema mbele ya watu. Hakuna aliyekataa."

Lahaula! Ushahidi ulitafutwa, na shahidi ni mimi!

Dresa hakunitazama. "Na lipi linaonyesha sivyo?"

Akangoja. Akangoja sana, mimi ningekwisha tia mzaha mara tatu. Mwishowe binamu akasema, "Mama hali mpaka aone nimekula."

"Hilo tulishike," akasema dresa. "Kesho tutafute jingine."

Wanatafuta hivyo mpaka leo, naye sasa anatoka nje, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Wala mimi sikuitwa tena kusaidia. Ajabu, siyo?

Wenzangu, mtu akikwambia amechoka kuishi, usimchekeshe ili wewe upumue. Muulize, nyamaza, ngoja jibu, kisha kamwite mwenye kujua, wala usimwache peke yake. Msifanye kama mimi niliyepata kicheko cha baraza zima. Hongera yangu!

Jana nilikutana naye njiani, nikamtania kidogo tu. Akasimama kwa adabu, kama aliyekutana na mgeni wa kutoka Horohoro, kule mpakani.

"Hujambo, Bwana?" akasema, akapita.