Miaka ya Bitutu Ziwani

Bitutu alizaliwa vilimani Kisii, na alipoolewa Muhuru Bay, kando ya ziwa, hakuwa amewahi kuingia maji ya kupita magoti. Watu walimcheka: mke wa mvuvi anaogopa ziwa! Omena, wale dagaa wa ziwani, alizianika, akazigeuza, akaziuza, lakini majini hakuingia.

Kisha akapatikana na saratani. Akaondolewa titi la kushoto, akatiwa kemo, dawa kali za saratani, hadi nywele zikaisha. Aliporudi nyumbani alijifungia ndani, mpaka wifi yake, Susana, alipomjia asubuhi moja.

"Twende ziwani."

"Nikafanye nini?"

"Uoge. Samaki hawacheki mtu."

Susana alimshika tumbo kama mtoto, akamfundisha kuogelea. Nywele zikaota. Miaka kumi ikapita, na Bitutu husema hakuna mingine aliyoipenda hivyo.

Mwaka jana nyonga ilianza kumuuma. Alidhani ni uzito wa mabeseni ya omena aliyobeba. Maumivu yalipokataa kuisha, Susana alimpeleka hospitali ya Homa Bay, akapigwa picha.

"Ni ile saratani ya titi, mama," daktari alisema. "Imo mfupani."

"Lakini si mliikata?"

"Uvimbe ulikatwa. Ila seli chache zilikuwa zimeshatoroka kwa njia ya damu. Zilifika mfupani zikalala bila kuongezeka. Kemo huua zaidi zile zinazoongezeka, na hizo chache hakuna picha ingeziona. Sasa zimeamka."

"Ni mabeseni yaliyoziamsha?"

"Hapana. Kwa nini huamka, bado hatujui vizuri. Wewe hujakosea."

Hakumficha: kuimaliza haitawezekana, lakini kuna vidonge vya kuizuia, pengine kwa miaka.

Walipotoka nje, Susana alilia. "Kumbe ilikuwemo tu! Siku zote zile tulikuwa tunafurahi bure."

"Bure?" Bitutu alikasirika. "Siku uliyocheka ukameza maji, nikakuvuta mimi mtu wa milimani, ilikuwa bure?"

Susana akacheka, machozi yakimtoka.

Nyonga ilichomwa kwa mionzi hospitalini, maumivu yakapungua. Siku hizi Bitutu anatembea na fimbo na kumeza vidonge vyake kila jioni. Kuogelea ameacha, mawimbi humsukuma. Lakini wasichana wanaoanika omena wakimuuliza kuogelea kulikuwaje, huacha kazi na kuwasimulia: ukungu umefunika ufuo, wewe unatetemeka kwa baridi, halafu unaingia majini, na maji yana joto kuliko hewa.