Miaka Niliyomfasiri Petroli

Siku ya kwanza ya kazi nilifika ukumbini kabla ya mfagiaji. Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, mjini Kasese, nami nilikuwa nimevaa suruali ya kaki ya baba yangu, koplo wa polisi, iliyopunguzwa kiunoni. Afisa wa Ustawi, mkubwa wangu wa kwanza na wa pekee niliyemwogopa, alinikabidhi ufunguo, kitambaa cha kufutia vumbi na fimbo ya mwanzi. Ufunguo ulikuwa wa kabati la mbao lenye milango miwili, na ndani ya kabati ilikaa televisheni ya umma.

"Wewe unajua Kizungu?" aliniuliza, ingawa barua yangu ya maombi ilikuwa mezani kwake, na niliiandika kwa Kiingereza.

"Najua, bwana."

"Na Kiswahili ya baraksi?"

"Nimezaliwa baraksi ya polisi, bwana."

"Basi sikia. Hii sanduku inasema Kizungu. Watu yangu hapana sikia Kizungu. Wewe utasimama hapa na fimbo, utawaambia ile inasema. Ile inasema, si ile wewe unafikiri."

Nikasema ndiyo, bwana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika umri huo neno ndiyo hutoka mdomoni bila kupitia kichwani.

Ninyi wa leo mnabonyeza kitufe na picha inakuja yenyewe. Sisi tuliitafuta. Ndani ya televisheni ile mlikuwa na vali, yaani taa ndogo za kioo, na vali hazifanyi kazi mpaka zipate moto. Nikiwasha, ukumbi mzima ulikaa ukitazama kioo cheusi kama watu wanaongoja maji ya chai. Kisha picha ilianza kupanda juu bila kikomo, nami nilizungusha kitufe cha nyuma kwa ncha ya kidole mpaka itulie. Antena ilikuwa juu ya bomba refu nyuma ya ukumbi, na upepo wa mlimani uliigeuza kila alasiri. Nilikwenda nje kulizungusha bomba kwa mikono, mtu mmoja akakaa dirishani akinipigia kelele, "Rudisha! Kidogo! Hapo hapo!" Milima nayo ilikuwa inarudisha mawimbi, ndipo mchezaji mmoja akaonekana wawili, wa pili mwembamba na hafifu. Tulimwita mzimu. Nimeshuhudia watu wazima wakibishana kama goli limefungwa na mchezaji au na mzimu wake.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa kufasiri. Mtangazaji hakungoji. Unashika sentensi moja, unaitoa kwa Kiswahili, huku sikio limeshashika ya pili. Ikikuponyoka uiache iende, maana ukiikimbiza utapoteza tatu. Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kulipokuwa na kipindi cha michezo, walikuja askari na wake zao, wafanyakazi wa reli, wachuuzi wa samaki wa Kasenyi, na wakulima wa Kyarumba walioshuka na kahawa kichwani na kukataa kupanda mlima kabla ya kuona mpira. Wote hao walitazama kwa macho yao na kusikia kwa ulimi wangu.

Na wote walikuja kumwona Petroli. Jina lake la nyumbani lilikuwa Muhindo, mtoto wa Kasese, winga wa kushoto aliyechukuliwa na timu moja kubwa ya Kampala. Walimwita Petroli kwa sababu ukimgusa kidogo tu anawaka. Mama yake, Mama Muhindo, aliuza samaki wa kukausha sokoni, na kila Jumamosi alikaa benchi la mbele upande wa wanawake, mikono mapajani, kama yuko kanisani.

Nilimwonea wivu yule mtu. Nasema wazi, maana katika umri huu aibu yenyewe imenichoka. Kabla sijamuoa mke wangu Biira, Petroli alikuwa amemchumbia, na hakuna jirani aliyesahau kuniambia. Sikuwahi kumuuliza Biira yaliisha vipi. Mwenye wivu haulizi, anapekua. Petroli akitokea kwenye kioo, nilisimama na fimbo yangu nikifasiri mbio zake, lakini macho yangu yalikuwa kwa Biira, benchi la tatu. Akitabasamu, moyo unaniuma. Asipotabasamu, najiambia anajificha. Chakula cha Jumamosi usiku sikukijua ladha kwa miaka.

Kisha televisheni ikabadilika. Kipindi kilikuwa cha robo saa, na zamani mpira ulijaza karibu yote. Petroli alipokuwa maarufu, mpira ukaanza kupungua kama sabuni. Mtangazaji alitaka kujua alilala wapi, kwa nini alichelewa kambini, gari lile ni la nani. Akaletwa mwenyekiti wa timu na tai yake, akaletwa mtu aliyegombana na Petroli kwenye dansi. Mwisho kabisa, watu wakishakata tamaa, ndipo unaona goli moja, na muziki wa kufungia unapiga.

Ukumbi ulichafuka. Palikuwa na sajenti mmoja wa polisi, mtu wa Gulu, mwenye sauti ya gwaride. Siku moja alisimama juu ya benchi.

"Fundi! Mpira iko wapi? Mimi natoka lindo, sijakula, nakimbia mpaka hapa, halafu naonyeshwa suruali ya Petroli?"

"Afande, mimi nafasiri tu."

"Fasiri mpira!"

"Afande, hawajaonyesha mpira."

"Basi zima, fungua nyuma, angalia kama imebaki ndani!"

Watu walicheka, lakini walikuwa na uchungu wa kweli. Mimi peke yangu sikuwa na uchungu. Nilikuwa nakula asali. Kila kashfa ya Petroli ilikuwa dawa yangu, na kwa kuwa dawa ilitoka Kampala kidogo kidogo, nikaanza kuiongeza mwenyewe. Mtangazaji akisema Petroli alichelewa, mimi nasema alichelewa akiwa amelewa. Akisema alikuwa na rafiki, mimi nasema marafiki, tena nawataja kwa rangi ya magauni. Biira alikuwa ameishia darasa la sita, nikadhani Kiingereza chake hakiwezi kumfukuza mtangazaji mwenye haraka. Nilitaka kila Jumamosi atoke pale akimshukuru Mungu kwamba alinipata mimi.

Wapenzi wa mpira wakaamua kuandika barua kwa wakubwa. Nani ana Kiingereza? Fundi. Nikaketi na Sajenti, nikaandika kwa mwandiko wangu bora kwamba watu wa Kasese wanaomba kwa heshima waonyeshwe mpira, na mambo ya nyumbani kwa wachezaji waachiwe wenyewe na majirani zao. Walitia sahihi, wasiojua kuandika wakabonyeza dole gumba. Niliipeleka mwenyewe kwa Afisa wa Ustawi, kifua mbele. Haikunipitia akilini kwamba afisa makini, kabla ya kuituma barua kama ile, atataka kwanza kujionea.

Jumamosi iliyofuata alikuja bila taarifa. Alisimama nyuma, mlangoni, mahali ambapo mwanga wa kioo haufiki, na mimi sikumwona.

Siku ile mtangazaji alieleza kwamba Petroli amekosa mazoezi ya siku mbili. Petroli mwenyewe alisema alikuwa anatibiwa goti, lakini kamati ilimsimamisha mechi moja kwa kutotoa taarifa. Ndiyo yote. Nami nikainua fimbo, nikasema hivi: "Petroli amekutwa nyumbani kwa mke wa mtu. Mwenye nyumba amemfukuza na panga. Goti ameliumiza akiruka ua."

Wengine walipiga miluzi, wengine wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Kisha wakamkumbuka aliyekaa mbele, wakanyamaza mmoja mmoja. Mama Muhindo alisimama, akafunga leso yake vizuri, akatoka bila kumtazama mtu. Na nani akainuka kumfuata? Biira. Alimshika mkono, wakatoka pamoja. Mnajua mimi niliona nini? Sikumwona mama aliyeaibishwa mbele ya mji mzima. Nilimwona mke wangu akimsindikiza mama mkwe aliyemkosa.

Jumatatu niliitwa ofisini. Afisa alikuwa ameiweka ile barua ya mpira mbele yake.

"Mimi nasikia Kizungu," alisema. "Kiswahili nayo nasikia. Siku ya Jumamosi Kizungu ya sanduku na Kiswahili yako haikukutana hata kwa njia. Nani alisema panga?"

Nikautazama mwandiko wangu kwenye ile barua.

"Watu wananiandikia Kampala inawaharibia mpira. Kumbe Kampala iko mbili. Moja iko kule, nyingine nalipa mshahara mimi." Alikunja barua. "Utakwenda Bwera, kituo kipya. Lakini kwanza utakwenda kwa yule mama. Utamwambia ile ilisemwa. Peke yako, bila fimbo."

Nilimkuta Mama Muhindo uani akipanga samaki kwenye kikapu. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia katikati. Nilisema hakuna mke wa mtu, hakuna panga, nilitunga mwenyewe. Mtangazaji alisema goti tu.

Alisimamisha mikono. "Goti gani?"

"La kushoto, mama."

"Hilo aliangukia mawe ya mto Nyamwamba akiwa mutoto. Halikupona vizuri." Nilingoja matusi, ningeyapokea. Badala yake akauliza, "Na mpira? Siku ile walionyesha? Mimi nilitoka."

Walikuwa wameonyesha goli moja, la mechi iliyotangulia. Nikamwambia. Akasema hakuelewa, nimwonyeshe. Basi mimi, niliyemchukia mwanawe kuliko mtu yeyote wilayani, nikachukua kikapu cha samaki nikakifanya beki wa kulia, nikaweka jiwe badala ya mpira. Nilimwonyesha jinsi Petroli alivyoinamisha bega, alivyojifanya anaingia ndani, alivyotoka nje na kupiga kwa chini. Sikukosea hatua hata moja. Mama alicheka mpaka akajifuta macho, nami nilirudi nyumbani nikinuka samaki. Biira aliuliza harufu ile nimeitoa wapi, nikamwambia. Alisema vizuri, akaanza kufunga mizigo ya Bwera.

Bwera hakukuwa na umeme. Televisheni ilitegemea jenereta, na ujuzi wangu mpya ulikuwa kusikiliza ngurumo yake: ikianza kukohoa, picha inajikunja pembeni, na una dakika chache tu kabla ya giza. Watazamaji wengi walikuwa wachuuzi waliovuka mpaka kutoka Kongo, wakali kuliko Sajenti.

"Muzee, batupe balo!" walipiga kelele, wakidai mpira, mwenyekiti na tai yake walipotokea. "Ule mutu na kravati iko nani? Yeye anachezaka?"

Pale nilifasiri kilichosemwa, si zaidi. Haikuwa utakatifu. Biira alikaa benchi la mbele sasa, na nilikuwa nimegundua kwamba midomo yake husogea kabla ya yangu, akimfasiri mtangazaji kimyakimya. Nilihesabu Jumamosi zote za Kasese, nikaona haya peke yangu.

Wivu lakini haukuhama nilipohama. Siku mtangazaji aliposema goti la Petroli limekwisha na hatacheza tena, nilitamka neno kwa neno, sauti imetulia, na moyoni nikafurahi. Nikajiona mbaya. Nikaendelea kufurahi.

Mwishoni mwa miaka ya sabini ukumbi ulifungwa, nami nikastaafishwa siku moja na jenereta. Tangu hapo nimekuwa mtazamaji kama ninyi. Nawasikia vijana wa Kasese mkilalamika kwenye vibanda vya mpira kwamba televisheni inawaonyesha wake wa wachezaji, magari yao na ugomvi wao, na dakika za mpira zinaliwa. Mna haki, lalamikeni. Ila kashfa haiuziki pasipo mnunuzi, na mimi nilikuwa mnunuzi wa jumla.

Wiki chache baada ya kustaafu, mimi na Biira tulikuwa soko la Mpondwe, jirani na Bwera, tukinunua maharage. Mtu mwenye kuchechemea alinipita, kisha akarudi. Nilimjua kabla hajageuka.

"Wewe si Fundi wa ukumbi wa Kasese?" alisema Petroli. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Mama alinisimulia! Ulicheza goli langu uani, beki akiwa kikapu! Mpaka leo analisema. Asante sana, kaka."

Miaka yote ile nilikuwa nimeingoja saa hii, sisi watatu mahali pamoja, nione macho yao. Nikasogea pembeni ili waonane vizuri.

"Huyu ni mke wangu," nikasema. "Biira."

Petroli akamtazama, akainamisha kichwa kwa adabu. "Nafurahi kukujua, mama. Wewe ni mutu wa huku Bwera?"

"Hapana," Biira akajibu. "Ni wa Kasese."

"Ah, Kasese! Siku hizi pamekuwa pakubwa, hatujuani." Akatuaga, akaenda akichechemea katikati ya magunia.

Biira alicheka mpaka akaweka kapu chini. "Mimi nilimkataa siku moja," alisema, "yeye akanisahau siku ya pili. Wewe ndiye uliyekaa naye miaka yote."

Nikasema ni kweli. Lakini njia nzima hadi nyumbani nilitembea mbele yake, hasira zimenijaa, nikiwaza ni mtu wa namna gani anayeweza kumsahau Biira.