Muti ya Ine ya Mama Mukwe

Kule Lweba, wakati serikali ilituita sote citoyen na kututumikisha bure kazi ya salongo, hakukuwa muntu wa kupasua mbau kunishinda. Musumeno yangu ikilia, ngombe za Minembwe, kule juu ya milima, zinageuza masikio. Na sikupimaka muti na kamba, hapana. Nilikuwa nakumbatia tu shina, pale chini, nasema: "Hii, mbau makumi tatu." Bantu banaamini, ju kinywa yangu ilikuwa kubwa kupita muti yenyewe.

Mama mukwe wangu alikuwa na miti ine ya kalitusi, marehemu bwana yake ndiye aliipandaka. Manjanja, yaani mabati ya nyumba, ilikuwa tayari, ilibakia mbau za paa. Lakini muti ya ine hakutaka tuikate. Ilikuwa murefu, inaonekana mbali ndani ya ziwa, na mutoto wake wa mwisho, shemeji yangu muvuvi, anaifuataka asubuhi ndiyo apate njia kati ya mawe. Bila ile muti, mutumbwi iko juu ya mawe.

Kwetu mukwe haongei na mukwe uso kwa uso. Mama akasimama nyuma ya ukuta ya jiko, akaambia bibi yangu, mutoto wake:

"Uliza bwana yako, tatu itatosha?"

Nikakumbatia ya kwanza. Mikono haikukutana.

"Tatu?" nikasema kwa nguvu. "Itafunika nyumba, jiko na kanisa!"

Moniteur wa kilimo alikuwa anapita juu ya velo, baiskeli yake. Akasimama.

"Citoyen, muti haiko pipa. Funga kamba pale shina inafika kifua yako, kisha panda, funga tena kule juu. Utaona vile inakondaka. Ukihesabu tako yake tu, unajidanganya."

"We pima na bic na karatasi, mi napima na kifua!"

Bantu bakacheka. Mi ndani ya roho nilisikia baridi kidogo, lakini nirudishe maneno namna gani, na mama mukwe anasikia?

Tukatoa majani ya zamani ya paa. Tukaangusha tatu. Chini ilikuwa tembo. Ukipanda kidogo, shingo ya bata. Kule juu, fimbo ya kuchunga mbuzi. Mbau zikafika nusu ya paa. Na mawingu ilikuwa inashuka ku mulima, nyeusi.

Siku mbili mama mukwe alinitumia chakula kama kawaida. Afazali angenitukana. Siku ya tatu mvua ikanyeshea kitanda yake. Nikasikia nyuma ya ukuta:

"Ambia bwana yako akate."

Safari ile nikafunga kamba pale shina inafika kifua, nikapanda, nikafunga na juu, nisije kuiua bure. Ilitosha. Nikaikata.

Shemeji alikuwa anavua upande wa Swima wiki nzima, hakujua. Siku ya kurudi nilikuwa kwa muchanga mbele jogoo iwike, shati yangu nyeupe juu ya fito, napepea mpaka mikono inakufa. Mutumbwi ikageuka mara mbili, ikakwaruza jiwe, ikaingia. Akashuka, maji kwa kiuno.

"Shemeji, muti yangu iko wapi?"

"Iko juu ya kichwa ya mama yako."

Hakucheka.

Nikapanda muche ingine pale pale. Miaka yote ile mpaka irefuke, hata na homa, mi ndiye nilikuwa muti, na shati yangu juu ya fito. Na kila asubuhi, nyuma ya ukuta, mama mukwe anauliza bibi yangu:

"Ameenda kusimama?"