Amina Iliyonikwama Kaburini

Leo hapa Kinyangiri tumezika mtu ambaye hakuna aliyetaka kumwombea.

Yohana alimuua jirani yetu alipokuwa akimwibia ng'ombe. Amefia gerezani.

Kaburini mwinjilisti akakataa kabisa. "Mimi siombi. Fukieni tu."

Mama yake Yohana akakaa chini kwenye udongo, analia.

Ndipo akasogea Mama Neema. Jamani, mjane wa yule aliyeuawa!

Tukajua amekuja kulaani.

"Mwinjilisti, mwombee. Kama Yesu hakumfia huyu, basi hata mimi hakunifia."



Mwinjilisti akavua kofia, akaomba.

Walioitikia "Amina" ni wale mama wawili tu. Mimi nilifungua mdomo, sauti haikutoka.

Ninyi mngeitikia?