Magoti yangu kwenye kasri la mfalme

Jamani watu wa Birmingham, leo magoti yangu yamezuiliwa kuingia nyumba ya mfalme!

Niko Bangkok, kwenye Kasri Kuu. Asubuhi Mama Nasra alinionya: "Baba Nasra, vaa suruali." Mimi, mtu niliyezunguka dunia (Dubai, halafu Dubai tena), nikamjibu, "Haya, nifundishe kusafiri!" Nikatoka na kaptula yangu ya mtaani kwetu Alum Rock.

Mlinzi wa getini akayatazama magoti. Akatikisa kichwa.

Mama Nasra alitoa kanga mkobani, akanifunga kiunoni mbele ya foleni nzima. Na kanga yenyewe imeandikwa NILIKWAMBIA HUKUSIKIA.

Binti yetu Nasra akahamia upande wa pili wa foleni. "Dad, I don't know you."

Hapo iliniuma, sisemi uongo.

Ndani, dada anayetembeza wageni akatuonyesha jumba moja kubwa: kuta za Kizungu, paa la Kithai linalometameta. Mfalme wa zamani alipenda majumba ya Ulaya, lakini juu akabakisha ya kwao. Watu wakalitania jumba: Mzungu aliyevaa taji la Kithai!

Kisha akauliza tumetoka wapi, akanitazama, shati la Uingereza na kanga ya kwetu, akacheka. "Huyu naye juu Uingereza, chini kwao! Hata wanaume wa kasri hili zamani walifunga vitambaa kiunoni."

Nasra akarudi mbio na simu. "Dad, stand there! Turn round, show the writing!"

Picha ndiyo hiyo. Chekeni, lakini semeni kweli: nani kati yenu ameshaingia kwa mfalme na kanga ya mkewe?