Mkono Ndani ya Kopo

Mimi nina mdomo, sikatai. Nyumbani kwangu Mangobo, watoto wamelishwa mahubiri mengi kuliko mboga ya pondu. "Mukiona mutu anaonewa, musinyamaze," niliwaambia karibu kila tulipokula. Binti yangu wa miaka tisa alipomtetea mwenzake aliyesingiziwa wizi wa kalamu darasani, nilimchinjia kuku.

Jumamosi iliyofuata nikaenda naye sokoni kuuza mchele. Tunapima kwa kopo la bati, halafu tunaongeza ngumi moja ya mchele juu, tunayoiita mbakisa, ili mteja arudi. Mbakisa yangu ilisifiwa soko zima. Wateja hawakujua kwamba kitako cha kopo langu kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani. Ile ngumi niliyowazawadia, nyundo ilikuwa imeshawaibia mapema. Usinikodolee macho, mstari wetu wote tulikuwa na makopo ya namna hiyo, na langu nilikuwa nimelizoea.

Mama mmoja aliyekuja mtoni na pirogi kutoka Yanonge alikuwa bado ananishukuru, binti yangu akaingiza mkono ndani ya kopo.

"Mama, huku chini kumeinuka," akasema. "Huyu mama hajapata mchele yake yote."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Lakini ulisema tusinyamaze," akasema, akivuta mguu wake.

Mteja akalitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akageukia kopo la jirani yangu wa meza. Jirani akalificha nyuma ya gunia.

"Rudisha huyu mutoto nyumbani," akaniambia. "Ataharibia sisi wote kazi."

Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na kiganja kilikuwa kinaniwasha. Nilitaka kumchapa, nasema kweli. Lakini nikamwona amesimama pale, akingoja kuona mama yake ni nani.

"Huyu hataenda fasi yoyote," nikamjibu jirani. "Ni mie nilimufundisha."

Nikaokota jiwe, nikakigonga kitako kutoka ndani mpaka kikarudi mahali pake, soko zima likisikia. Nikampimia yule mama upya, kopo limejaa kweli. Akalitazama, hakuondoka.

"Bon, na mbakisa yangu?"

Nikampa.

Jirani alininunia mwezi mzima. Hilo nililivumilia, hata nikaanza kujisifu moyoni kwamba nimemfundisha mtoto kwa vitendo. Lakini mpaka leo, kila Jumamosi tukifika sokoni, kabla hajakaa, binti yangu huingiza mkono ndani ya kopo na kupapasa chini. Mimi najua kitako kiko sawa, ila pumzi nazibana mpaka autoe ule mkono.