Shanta Iliyombeba Mwenye Duka

Jumamosi nilikuwa kwenye kaunta ya duka la Mhindi mmoja hapa Mwanza, akaingia mwindaji wa Usagara na mkewe. Walitaka shanta. Ile ya zamani ilikatika mikanda porini, nyama yote ikaliwa na fisi, na bwana akarudi nyumbani mabega yamechubuka.

"Hii ni turubai, imeshonwa mara mbili," mwenye duka alisema akiivuta mikanda. "Itanibeba hata mimi!"

"Basi ingia," mke wa mwindaji akamwambia.

Tulicheka, lakini mwenye duka, mzee mwembamba, alivua viatu, akatumbukiza miguu ndani na kushika mabega ya mwindaji, ambaye alivaa mikanda na kuinuka naye mgongoni. Wakatoka barabarani. Mwindaji alianza kwa kutembea, mara akawa anacheza ngoma ya Kisukuma, na wapita njia wakapiga vigelegele.

"Mabega yanauma?" mke aliuliza.

"Hayaumi!"

"Na mishono?"

"Mizima, mama!" mzee akajibu kutoka mgongoni, macho yakimng'aa. "Twende mpaka ziwani!"

"Shanta tunaichukua," mke akasema. "Wewe shuka."

Wasomaji wangu, sisi wengine hununua kwa kusikia sifa tu. Yule mama alitaka msifiaji apande kwanza.